Kibera na Kawangware: Karibu na Jiji, Mbali na Usafiri

Kutoka Kibera hadi katikati ya Nairobi ni mwendo wa kilomita zisizozidi saba. Kawangware iko mbele kidogo, upande wa magharibi, ikipakana na Lavington na nyumba zake zenye bustani. Ukiangalia ramani, ungesema wakazi wa mitaa hii miwili wamebahatika: wako karibu na kazi, hospitali kuu, vyuo na masoko, ilhali wenzao wa Rongai, Kitengela na Ruiru hupoteza saa nzima na zaidi barabarani kila asubuhi. Lakini historia ya usafiri wa Nairobi inatufundisha kwamba kukaa karibu ni jambo moja na kufika ni jambo lingine. Kwa zaidi ya miaka mia moja jiji hili limejenga reli, likaleta mabasi, likaruhusu matatu, likapanua barabara. Halijawahi kuipanga safari nzima ya mtu wa kawaida, tangu atokapo mlangoni kwake hadi afikapo aendako. Kila chombo kimepangwa kivyake, na gharama ya pengo lililobaki kati ya chombo na chombo imebebwa na mwenda kwa miguu, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee, na mtu mwenye ulemavu.

Pengo hilo lina mizizi mirefu. Reli ya Uganda ilifika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwezi wa Mei 1899, na mji ukaanza kama kambi ya reli, yenye karakana na mabohari. Mwanzoni mwa karne ya 20, askari Wanubi wa King's African Rifles, wenye asili ya Sudan, walianza kupewa makao katika msitu wa Kibera, na kufikia mwaka 1918 eneo la takriban ekari 4,200 lilikuwa limetangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Reli ya kwenda magharibi ikapita katika ardhi hiyo. Ilibeba mizigo na abiria wa masafa marefu kuelekea Kisumu na Uganda; kumpeleka mkazi wa Kibera kazini halikuwa kusudi lake. Kawangware nayo ilikuwa sehemu ya Dagoretti, ndani ya ardhi waliyotengewa Wakikuyu, nje ya mipaka ya manispaa. Mwanamume wa huko aliingia mjini na kipande, cheti cha utambulisho cha kikoloni, shingoni, akafanya kazi ya mchana, akarudi kwao kwa miguu. Serikali ya kikoloni ilimhitaji kama mkono wa kazi, na haikumhesabu kama mkazi mwenye haki ya kuhudumiwa.

Mabasi ya umma yalipoanza mwaka 1934, chini ya kampuni ya Overseas Transport, yalikuwa 13 tu kwa mji mzima. Mpango mkuu wa mwaka 1948, uliochorwa kwa ajili ya mji mkuu wa koloni, uliweka makazi ya wafanyakazi Waafrika upande wa mashariki, karibu na viwanda na reli. Mwafrika aliyeishi magharibi hakuwa na nafasi katika hesabu hiyo. Kibera yenyewe ilikuwa ikitazamwa kama kosa la kusahihishwa: zaidi ya mara moja wakoloni walifikiria kuwahamisha Wanubi, na kunyimwa huduma kukawa njia ya kuwachosha waondoke wenyewe. Hili ni la kushikwa vizuri, kwa sababu linajibu swali ambalo watu huuliza hadi leo: kwa nini mtaa mkubwa hivyo, ulio karibu hivyo na jiji, una njia chache hivyo za magari? Umaskini pekee hautoshi kuwa jibu. Barabara hazikujengwa kwa sababu watu waliotarajiwa kuhamishwa hawajengewi barabara.

Uhuru ulibadilisha mipaka kabla ya kubadilisha huduma. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ilipanuliwa hadi kufikia karibu kilomita za mraba 690, na Dagoretti ikaingizwa ndani. Kawangware, iliyokuwa kijiji cha wakulima, ikawa mtaa wa jiji kwa karatasi. Mwaka 1966 Baraza la Jiji lilitia saini mkataba na kampuni ya Uingereza ya United Transport, ikazaliwa Kenya Bus Services, baraza likiwa na asilimia 25 ya hisa na kampuni ikiwa na haki ya pekee ya kubeba abiria mjini. Mabasi yake yalikuwa na njia zenye namba na vituo vinavyojulikana, na alama yake haijafutika: wakazi wa Kawangware bado huelekezana kwa steji za 46 na 56, namba za magari zikiwa zimegeuka majina ya mahali. Lakini kampuni inayotafuta faida huenda palipo na lami na abiria wengi kwa wakati mmoja. Watu walikuwa wakimiminika kutoka mashambani, mitaa ya mabanda ikakua kila mwaka, na mabasi hayakufuata.

Pengo hilo lilizibwa na matatu. Zilianza kama magari yasiyo na leseni, mapikapu na vigari vikuukuu vilivyowatoroka polisi, mpaka mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipotoa amri iliyoziruhusu kubeba abiria bila leseni zilizotakiwa kwa mabasi. Sifa ya kweli lazima itolewe hapa. Matatu zilikwenda mabasi yasikokwenda, zilikuwa mali ya Wakenya wenyewe, ziliwapa vijana kazi, na ziliendeshwa bila senti ya ruzuku. Jiji lililowatelekeza watu wake lilikombolewa na watu wenyewe. Hata hivyo, amri hiyo ilihalalisha gari bila kuunda mtandao. Mwenye gari alimpa dereva hesabu ya kuleta jioni, na dereva akatafuta njia ya kuitimiza. Njia yenye uhakika ni ile inayokwenda tao, yaani katikati ya jiji, maana huko ndiko abiria wajaapo. Hivyo karibu kila matatu ya jiji ikaelekea katikati, na safari za kukata kutoka mtaa hadi mtaa zikaachwa.

Matokeo yake yanaonekana kati ya mitaa hii miwili yenyewe. Kibera na Kawangware zinatenganishwa na Ngong Road na kilomita chache tu. Lakini anayetoka upande mmoja kwenda upande mwingine kwa gari, kumwona ndugu au kufuata kibarua, aghalabu hulazimika kubadilisha gari kwenye Ngong Road na kulipa nauli mara mbili, kila makanga akidai chake kana kwamba safari imeanza upya. Nauli haina kiwango cha kudumu: huwa ya juu asubuhi na jioni, na mvua ikinyesha hupanda papo hapo. Kwa mwenye mshahara hilo ni kero. Kwa anayelipwa kwa siku, nauli ya pili ndiyo unga wa jioni. Kwa hiyo anatembea.

Serikali iliona kasoro za matatu, lakini kila mara ilishika upande mmoja wa tatizo. Mwaka 1986 ilianzisha Nyayo Bus, mabasi ya serikali yenye nauli nafuu, yakaendeshwa vibaya na kufa ndani ya muongo mmoja. Kampuni ya Stagecoach ya Uingereza ilinunua Kenya Bus mwaka 1991, ikauza na kuondoka mwaka 1998. Kisha zikaja kanuni za John Michuki, Waziri wa Uchukuzi, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004: mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano, sare kwa dereva na makanga, na marufuku ya abiria kusimama. Ziliokoa maisha na kurejesha heshima kidogo ndani ya gari. Zilipandisha pia nauli, kwa kuwa viti vilivyopungua vilipaswa kulipa hesabu ileile. Mwaka huohuo wa 2004 zilikusanywa takwimu kutoka kwa wakazi 4,375 wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, na watafiti Deborah Salon na Sumila Gulyani walipozichambua na kuchapisha matokeo mwaka 2010, jibu lilikuwa zito: walio wengi hawakuweza kumudu chombo chochote cha injini. Walijinyima safari za nje ya mtaa, na walipolazimika kutoka, walitembea. Mambo haya mawili ya mwaka mmoja yawekwe pamoja. Wakati taifa zima lilikuwa likijadili rangi ya matatu na mkanda wa kiti, wengi katika mitaa hii hawakuwa ndani ya matatu hata kidogo.

Walikuwa njiani kwa miguu, na bado wako. Kabla jua halijapanda, msururu wa watu hufuata reli kutoka Kibera kuelekea Industrial Area, wakikanyaga mataruma na kokoto, wakipisha treni ipitapo. Kutoka Kawangware wanawake hupanda kuelekea Lavington na Kileleshwa kutafuta nguo za kufua. Kwa jiji zima, takriban safari nne kati ya kumi hufanywa kwa miguu. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikaahidi kutenga angalau asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa njia za waenda kwa miguu na baiskeli. Ahadi ni nzuri. Lakini mtu akitoka kwenye njia pana za miguu za Ngong Road iliyopanuliwa na kuingia Naivasha Road pale Kawangware, hukuta njia ya miguu imekatika au imejaa meza za wauza mboga na bodaboda zilizoegeshwa. Anayetembea anajikuta barabarani na magari. Wachuuzi hawa wasilaumiwe peke yao, maana wamekwenda penye wateja, na hakuna aliyewatengea mahali pengine karibu na steji.

Ikiwa mwenye miguu yote miwili anataabika hivi, mwenye kiti cha magurudumu atafanyaje? Tuitazame matatu ya viti 33 iliyosimama steji. Ngazi ya kwanza ya mlango iko juu ya ardhi kiasi cha kumlazimu mtu mzima kuinua goti, ngazi ni nyembamba, na gari huanza kusonga kabla mguu wa pili haujatua. Mwenye kiti cha magurudumu lazima abebwe na watu, kama makanga ana subira. Kiti chake kikunjwe na kutupwa nyuma, na malalamiko ya watu kutozwa nauli ya kiti hicho kama mzigo yamekuwa yakisikika kwa miaka. Na hapo hatujaitaja njia ya kutoka nyumbani hadi steji, ambayo katika sehemu nyingi za Kibera ni uchochoro wa udongo unaopita juu ya mitaro. Sheria haikukosekana. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliwataka wenye magari ya abiria wayarekebishe yafae watu wote. Lakini sheria hiyo ilipoanza kutumika mwaka 2004, kifungu hicho kiliachwa kando, kikasubiri hadi 2010. Katiba ya mwaka huo, katika Ibara ya 54, ikatamka kuwa mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufikia mahali pote na usafiri wa umma ipasavyo. Mwaka 2025 ikatiwa saini sheria nyingine mpya. Zaidi ya miaka ishirini tangu ile ya kwanza, ngazi ya matatu iko palepale, kwa sababu hakuna anayenyimwa leseni kwa ajili yake. Nchi iliyoweza kuzisimamisha matatu zote zisizo na mikanda ingeweza kufanya hivyo kwa mlango.

Juhudi za kuunganisha mtandao nazo zina historia, na kushindwa kwake kuna mafunzo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa MIT na Columbia vya Marekani, walitoa ramani ya kwanza kamili ya matatu, yenye njia zaidi ya 130, na kila aliyeitazama aliona jinsi zilivyorundikana katikati ya jiji. Mwaka huohuo serikali iliamuru nauli ilipwe kwa kadi kuanzia Julai, ikaahirisha hadi Desemba, kisha jambo likafifia. Waliopinga walitajwa kuwa makanga na madereva wanaoishi kwa pesa taslimu, na ni kweli walipinga. Ila kasoro kubwa ilikuwa ndani ya kadi zenyewe: zililetwa na kampuni mbalimbali, kila moja na yake, na abiria hakupata nafuu yoyote kwa kuwa nayo. Kadi ambayo ingempandisha mtu gari la kwanza Kibera na la pili Ngong Road kwa nauli moja ingetetewa na abiria wenyewe.

Mwaka 2017 iliundwa NaMATA, mamlaka ya uchukuzi ya Nairobi na kaunti jirani, ikapewa jukumu la mabasi ya kasi katika njia tano zilizopewa majina ya wanyama, mojawapo ikipitia Ngong Road. Kabla njia hata moja haijabeba abiria, mambo mengine yalifanywa kwa haraka. Tarehe 3 Desemba 2018, Gavana Mike Sonko alizifungia matatu nje ya katikati ya jiji. Watu walitembea kwa maelfu, wagonjwa na wazee miongoni mwao, na marufuku haikumaliza hata siku mbili. Kisha ikajengwa steji ya Green Park, iliyokusudiwa kupokea matatu za Ngong Road na Lang'ata Road pembezoni mwa jiji. Wazo la kupunguza msongamano halina ubaya. Lakini mtu wa Kawangware anayefanya kazi Gikomba akishushwa Green Park amepewa nauli ya pili au mwendo mrefu wa miguu. Kuwashusha abiria mbali bila kuwapa chombo cha kuwapokea ni kuwahamishia mzigo wa jiji mabegani mwao. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu ya Nairobi Expressway, kilomita 27 za kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambako waenda kwa miguu na bodaboda hawaruhusiwi kukanyaga.

Wapo watakaosema barabara mpya huwafaa hata maskini, na Kibera imepata yake. Ni kweli, na yafaa tukumbuke ilivyopatikana. Tarehe 23 Julai 2018, tingatinga ziliangusha nyumba, maduka na shule kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road, na maelfu ya watu wakalala nje, ingawa mamlaka ya barabara ilikuwa imekubaliana na taasisi nyingine kwamba wakazi wataandaliwa mpango wa makazi kwanza. Kwamba njia ya kistaarabu ilikuwepo, reli ya Kibera ni shahidi. Shirika la Reli lilipotoa notisi mwaka 2004 ya kuwaondoa waliojenga kandokando ya njia, wakazi walijipanga wakapinga, na mwishowe, kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, watu walihesabiwa na kujengewa vyumba vipya na vijia vya kupitia. Ilichukua miaka mingi, lakini heshima ya watu ilihifadhiwa. Na tusisahau Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, reli ilipong'olewa Kibera na mizigo ya kwenda Uganda kukwama. Kitendo hicho hakikuwa halali, lakini kilifanyika juu ya njia ambayo kwa miongo mingi ilikuwa imepita katikati ya watu na kuwapa faida kidogo mno.

Pingamizi lenye nguvu zaidi hutoka kwa wenye matatu. Wanasema wamewekeza mali zao bila msaada wa serikali, na kwamba kuunganisha mfumo ni njia ya kuwapokonya riziki na kuwapa wakubwa. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni kuwaingiza ndani ya mfumo. Tangu kanuni za mwaka 2014 ziwatake kujiunga katika vikundi vyenye magari yasiyopungua 30, tayari wana sacco zinazoweza kutia saini mkataba: sacco ilipwe kwa kuhudumia njia fulani kwa saa fulani, ikiwemo ile ya kukata kutoka Kibera hadi Kawangware, badala ya gari kuwinda abiria. Wengine husema tiba ya kweli ni kuinua mapato ya maskini, na nauli itamudika yenyewe. Lakini mapato yanatafutwa wapi, ikiwa mtu hawezi kufika kwenye kazi inayolipa vizuri zaidi ya ile iliyo mwendo wa miguu kutoka kwake? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye gari lake ni rahisi kudhani kwamba kutembea ni chaguo.

Kwamba inawezekana, jirani ametuonyesha. Mwezi Mei 2016 Dar es Salaam ilianza mabasi yaendayo haraka kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye majukwaa yaliyo sawa na sakafu ya basi, hivyo mwenye kiti cha magurudumu huingia bila kubebwa. Nauli ya njia ya pembeni ilikuwa shilingi 400 za Tanzania, ya njia kuu 650, na aliyetumia zote mbili alilipa 800 badala ya 1,050. Mradi huo umekuwa na matatizo yake, mabasi machache na misongamano mikubwa ya abiria vituoni, na hayo yasifichwe. Lakini zile shilingi 800 ni ushahidi kwamba mji wa Afrika Mashariki unaweza kuihesabu safari ya mtu kama safari moja.

Nairobi haihitaji kusubiri mabilioni ili ianze. NaMATA na Kaunti zitangaze nauli moja inayovuka magari mawili kwenye Ngong Road. Steji za Kawangware na malango ya Kibera zipewe njia za miguu zisizokatika, taa, na mahali halali pa wachuuzi. Treni za abiria zinazopita Kibera zipewe vituo vinavyofikika bila kuruka mitaro, na ratiba ya saa za wafanyakazi. Leseni ya gari jipya la abiria isitolewe kama mlango wake haumpokei mzee na mwenye ulemavu. Asilimia 20 iliyoahidiwa mwaka 2015 ionekane katika bajeti, kata kwa kata, na wawakilishi wa kata waulizwe hadharani ilikokwenda. Wakazi wa Kibera na Kawangware wameijenga na kuisafisha Nairobi kwa miguu yao wenyewe tangu enzi ya kipande. Jiji lina deni kwao, na mwaka wa uchaguzi usipite tena bila kila anayeomba kura zao kueleza atalilipaje.